RAV4 tatu ndani ya miaka 13, na kwanini siku hizi naangalia kibati cha modeli kabla ya bei

Nimemiliki Toyota RAV4 tatu. Ya kwanza nilinunua 2011, ya pili 2015, ya tatu 2019 na ndo ninayo mpaka leo. Kila nikikutana na mtu anatafuta gari ya familia iliyo juu kidogo swali huwa lile lile, "hivi RAV4 ni gari nzuri?" na mimi nashindwa kujibu ndio au hapana, maana hizo tatu zilikuwa na jina moja mgongoni lakini ukifungua boneti ni gari tatu tofauti kabisa, na mbili kati ya hizo nilizinunua sijui nanunua nini. Ngoja nieleze nilivyopita, labda kuna mtu itamsaidia kabla hajatoa hela yake.

Nyumbani kwetu ni Njombe, upande wa Lupembe kule kwenye chai, ila kazi yangu iko Dar. Kwahiyo gari yangu ina maisha mawili, wiki nzima foleni ya Morogoro Road, afu mara tatu nne kwa mwaka kama kilomita 700 kwenda nyumbani, unapita Mikumi, unapanda Kitonga, unafika Njombe kuna baridi na ukungu, na ukiacha lami wakati wa masika unakutana na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Nilianza na Corolla. Mwaka 2010 mwezi wa nne nililala kwenye ile Corolla usiku kucha kilomita 6 tu kutoka kwa mama, tairi zinazunguka gari haiendi, asubuhi vijana wakanitoa kwa kusukuma. Hapo ndo nikasema nahitaji kitu kingine, ila Prado siiwezi, si kununua wala kuihudumia.

Na hiyo hesabu yangu ya siku ile ndo hesabu iliyoizaa RAV4 yenyewe. Zamani ukitaka gari ya juu inayovuta tairi zote nne unaambiwa Land Cruiser, Prado, Pajero, gari zenye chesisi kama lori, nzito, zinakunywa mafuta. Toyota wakaonyesha gari ya majaribio kwenye maonesho ya Tokyo 1989, kadogo, ka vijana wa matembezi, na May 1994 wakaanza kuuza. Ndani yake walichofanya ni kuchukua mambo ya gari ndogo ya kawaida, bodi bila chesisi ya kujitegemea, injini imelala kwa upana, miguu yote minne inajitegemea, wakaipandisha juu na kuipa foo wili. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, maana yake gari ya matembezi na pilikapilika inayovuta tairi nne. Honda CR-V ikafuata 1995, Forester 1997, X-Trail 2000. Yani hizi gari zote tunazogombania leo kwenye mayadi pale Dar, RAV4 ndo ilifungua njia.

Ya kwanza yangu sasa. Ilikuwa ya 1996, milango mitatu, kijani, nikapewa kwa milioni 8 na laki 2. Ile fupi kabisa ina kama mita 3.7 tu, fupi kuliko Corolla niliyotoka nayo, kupaki Kariakoo ni raha. Injini 3S-FE ya lita 2, na hapa kwa uzoefu wangu ndo siri ya RAV4 kupendwa huku kwetu, sio sura, ni kwamba injini hiyo hiyo ilikuwa kwenye Noah za zamani, kwenye Ipsum, Carina, Corona, Camry. Kwahiyo hata ukiharibikiwa Makambako usiku, kuna fundi kashaifungua mara hamsini na spea ipo kwenye duka lolote. Foo wili yake inavuta muda wote, hakuna cha kubonyeza wala kuwaza. Masika ya 2012 nilipita pale pale nilipolala na Corolla, mvua inanyesha, sikusimama hata sekunde, nikampigia simu mke wangu kumwambia tu kwamba nimepita.

Ila kuna kitu sikukifikiria, mama. Mama yangu ana magoti, na gari ya milango mitatu kupanda nyuma lazima uinamishe siti ya mbele ujipenyeze. Nikimpeleka kliniki anakaa mbele sawa, ila siku tuko na mke na mtoto ilikuwa mtihani, siku moja akaniambia taratibu, "mwanangu, mimi nitapanda bodaboda, hii gari yako inanikunja." Iliniuma kweli. Toyota waliileta ya milango mitano 1995, mwaka mmoja tu baada ya ile fupi, na mimi wakati nanunua zote mbili zilikuwepo pale yadi, tofauti ya bei laki 9. Niliangalia bei sikuangalia nani atapanda.

Somo kubwa zaidi lilikuja 2013. Natoka Dar asubuhi, nimepita Mlandizi, niko kwenye 80 hivi, gari ikazima. Haikupiga kelele, haikutoa moshi, ilizima tu kama mtu kageuza funguo. Nikawasha, stata inazunguka haraka haraka kuliko kawaida, nyepesi, kama injini haina kitu ndani. Fundi aliyekuja kutoka Mlandizi alifungua kifuniko cha oili, akaniambia piga stata, akachungulia, akasema "mkanda wa taimingi umekatika, kemshafti haizunguki." Kemshafti ndo ile shafti inayofungua na kufunga valvu, na mkanda ndo unaizungusha. Nilijua injini imekufa maana nilishasikia za watu, valvu zinagonga pistoni kila kitu kinapinda. Yule fundi akacheka akasema una bahati, 3S-FE mkanda ukikatika valvu hazifiki kwenye pistoni. Na kweli, mkanda mpya, tensiona, na wotapampu kwa sababu inazungushwa na mkanda huo huo, jioni nikawaka nikaendelea na safari.

Sasa wakati anafanya kazi aliona stika ndogo imebandikwa kwenye kava, imeandikwa Kijapani, chafu, akaifuta kwa petroli akaniita. Ile stika gereji za Japani huwa wanabandika wakibadilisha mkanda, wanaandika tarehe na kilomita. Ilisomeka mwaka 17, kilomita 98,000. Mwaka 17 ni wa kalenda yao ya Heisei, unajumlisha na 1988 unapata 2005. Sasa mimi 2011 nilinunua ile gari dashibodi inasoma 87,000. Yani 2005 ilikuwa na 98 elfu, miaka sita baadae ina 87 elfu! Ile namba ya dashibodi ndo niliyoilipia. Mkanda wenyewe unatakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja, mimi nilikuwa najua bado haijafika, kumbe namba niliyokuwa naihesabia ni ya uongo tangu siku ya kwanza. Na stika ilikuwepo pale mda wote. Kila nilipofungua boneti kuongeza maji niliiona, sikuwahi kuuliza ni nini.

Nikaiuza 2015, mama ndo sababu kubwa. Nikataka ya milango mitano, na zile za kizazi cha pili zilikuwa zimeshuka bei, ile iliyotoka 2000, mtaani walishaipa jina la Kilitime. Kiukweli ni gari nzuri kwa macho, mistari imetulia, ndani kumependeza. Nikakuta ya 2002, silva, milioni 13, namba C, imetunzwa bodi safi kabisa. Nikaizunguka, nikaangalia rangi, nikaangalia siti, nikawasha redio. Nikanunua. Kwenye kava la injini pameandikwa D-4 kwa herufi kubwa na mimi nikaona ni urembo tu.

Ngoja nieleze hapa vizuri maana ndo pametafuna hela yangu. Kizazi cha pili kilichouzwa Japani kilikuja na injini mbili. Ipo ya 1.8, inaitwa 1ZZ-FE, hiyo haina foo wili, inavuta mbele tu. Na ipo ya lita 2, 1AZ-FSE, hiyo ndo D-4. Kwenye injini ya kawaida nozeli zinamwaga petroli kabla ya valvu, kwahiyo petroli inapita inaosha valvu kila siku. Kwenye D-4 petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, inaokoa mafuta, ila valvu na manifodi, zile njia za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha, masizi ya moshi unaorudishwa na mvuke wa oili vinaganda pale mwaka baada ya mwaka mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Na ile presha kubwa inahitaji pampu ya pili, imekaa juu kwenye silinda hedi inasukumwa na kemshafti. Pampu hiyo inataka petroli safi. Gari yangu ilikuwa na miaka 13, sijui mwenye nayo wa kwanza alinunua mafuta wapi, na mimi mwenyewe mara mbili tatu nimewekewa mafuta ya kwenye chupa kule vijijini.

Miezi minne ya kwanza safi. Afu ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, ukiwa kwenye taa za Ubungo unahisi usukani unacheza, ukikanyaga inasita kidogo ndo inaondoka. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi. Ya pili wakasema koili, nikanunua mbili. Ya tatu wakapima kwa kompyuta, wakasema sensa ya oksijeni, nikanunua, laki na nusu, ikatulia wiki moja ikarudi pale pale. Nilitumia kama laki 7 kwa vitu ambavyo havikuwa vibovu, na hakuna aliyeniibia, kila mtu alikuwa anakisia kwa nia njema na mimi ndo nalipia makisio.

Nikapelekwa na shemeji yangu kwa mzee mmoja Tabata, fundi wa siku nyingi, gereji yake iko chini ya mwembe haina hata bango. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumweleza historia ya sensa, akaninyamazisha kwa mkono. Hakugusa kompyuta. Alivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaangalia, akaipeleka puani, akanipa mimi. "Nusa mwanangu." Inanuka petroli. Afu akaniuliza, "oili yako inapungua au inaongezeka?" Nikashangaa swali, oili inaongezekaje? Akanionyesha, imepita alama ya juu karibu sentimita moja na nusu, na mimi nilikumbuka kweli mwezi uliopita niliona imejaa nikafurahi nikajua injini haili oili! Kumbe sili ya ile pampu ya presha imechoka, petroli inapenya inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na ungeendelea miezi miwili mbele beringi za krankishafti zinaanza kugonga.

Akabadilisha pampu, tulipata yuzdi iliyotoka kwenye injini ya aina ile ile, akamwaga oili, afu akafungua manifodi akaniita nione. Zile njia za hewa zilikuwa na masizi meusi mazito kama ugali wa mtama uliokauka, tundu limebaki la kuingiza kidole gumba. Alisafisha siku nzima na kijiti na kemikali. Gari ilivyowashwa jioni ile nilidhani haijawaka. Kwa jumla laki 5 na elfu 40. Ningeanza kwake ningeishia hapo.

Nilikaa na ile gari mpaka 2018 na haikunisumbua tena kwenye hilo, nilikuwa nafuata alichoniambia, petroli kituo chenye wateja wengi, oili kila kilomita 5,000, nusa dipstiki kila Jumapili, manifodi isafishwe kila baada ya miaka miwili. Kwahiyo mtu asiniambie D-4 ni mbovu. Ni injini inayotaka kujulikana. Kama unakaa mjini na una fundi anayeielewa itakupeleka, na zilishuka bei sana kwa sababu ya jina baya, ila kama gari inaenda kukaa kijijini ambako petroli inapimwa kwa chupa, bora 1.8 bila foo wili kuliko D-4 yenye foo wili. Kingine cha kuchunga kwa injini za familia ya AZ za miaka ile ya mwanzo, ziwe D-4 au za kawaida, ni bolti za silinda hedi, uzi wake kwenye bloku unaweza kung'oka zikichemka, hedi inanyanyuka, maji yanatoka. Jirani yangu ilimkuta katikati ya Kitonga na familia yote ndani. Kwahiyo ukienda kuangalia gari fungua rejeta ikiwa ya baridi, ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, mwenye gari amekuwa akiongeza maji, muulize kwanini maji yanaisha.

2019 nikaanza kutafuta ya tatu na safari hii nilikaa miezi mitano sijanunua. Kizazi cha tatu kilitoka Japani mwishoni mwa 2005, injini 2AZ-FE ya 2.4, hii sio D-4, nozeli zake ni za kawaida, inatumia cheni sio mkanda, na injini hiyo iko kwenye Harrier, Kluger, Alphard, kwahiyo spea tena sio shida. Foo wili yake imebadilika, sasa hivi kawaida inavuta mbele, ikiteleza ndo inapeleka nguvu nyuma, na kuna kitufe cha kuifunga ivute zote ukiwa mwendo mdogo. Na giaboksi kwa zile za Japani ni CVT, otomatiki ya mkanda wa chuma.

Nilipiga kwanza hesabu za kuagiza. Kwenye kikokotoo cha TRA unaweka mwaka na modeli inakuletea kodi yote, na thamani wanayotumia ni ya kwao, sio risiti yako. Hapo ndo nikaona cc zinavyouma, injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5, na gari ikizidi miaka 10 tangu itengenezwe inaongezwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Kwa gari ya 2008 kodi ilikuwa inakaribia kulingana na bei ya gari yenyewe mpaka bandarini. Nikaamua nitafute ya mkononi ambayo mtu kashailipia hayo yote.

Ya kwanza niliiona Sinza, nyeusi, dalali anasema "boss hii foo wili kamili." Nikaomba kuona kibati cha modeli, kile kipande cha bati kwenye gari kilichoandikwa namba ya modeli. Akaniangalia kama nimemtukana, ila akafungua. Kibati kinasoma ACA36W. Ya foo wili ni ACA31W, hiyo ya 36 inavuta mbele tu, na ndani kitufe cha kufunga foo wili hakipo, pana kifuniko cha plastiki. Sidhani hata kama dalali alikuwa anajua. Nikashukuru nikaondoka.

Ya pili ilikuwa Kimara, kibati ACA31W, kitufe kipo, bei nzuri milioni 19. Nikalala chini kwenye kipande cha boksi nikachungulia. Propela haipo. Ile shafti inayotoka mbele kwenda nyuma wameing'oa, mwenye gari aliambiwa itapunguza ulaji wa mafuta. Nikamuuliza propela yenyewe iko wapi, hajui, ilibaki gereji. Gari ya kwenda Lupembe hiyo! Nilitoka pale na vumbi mgongoni nikiwa na furaha kweli, maana miaka minane nyuma ningeinunua.

Ya tatu ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mmoja Mbezi, gari ya 2008, namba D. Nilimuomba asiiwashe mpaka nifike, maana injini ikishapata moto inaweza kuficha moshi na kugonga, nikafika saa moja asubuhi, nikaweka mkono juu ya boneti, baridi. Ikawaka, hakuna moshi, hakuna kugongagonga. Nikamwuliza, "mama, inakula oili?" Akasema ndio, naongeza kama nusu lita kila kilomita 3,000, na akanionyesha chupa nyuma. Kiukweli hapo ndo nilipoamua. Injini hizi za 2AZ za miaka hiyo ringi za pistoni zina tabia ya kuganda na kupitisha oili, kila anayezijua anajua, na madalali wote niliopita walikuwa wananiapia haili hata tone. Yeye aliniambia kitu ambacho kingeweza kumpunguzia bei, na kweli kilimpunguzia, alitaka milioni 22 tukamalizana 20 na laki 8. Akanipa faili la risiti zote tangu iingie nchini, na katika zile risiti kulikuwa na mbili za kubadilisha mafuta ya giaboksi, zimeandikwa mafuta ya CVT.

Hicho kipengele cha giaboksi nakisisitiza. CVT haiwekwi ATF, yale mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Ule mkanda wa chuma unashikwa na puli mbili kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa kwa msuguano huo, ukiweka ATF mkanda unateleza, puli zinachubuka, inaanza kulia sauti kama ya nyuki ukikanyaga, na hapo huwa imeshachelewa. Tangu ninunue mafundi wawili tofauti walitaka kuniwekea ATF, mmoja alikuwa ameshaifungua chupa. Siku hizi nanunua mafuta mwenyewe na nasimama pale pale mpaka imalizike. Na tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu unaofanana, maana foo wili ya namna hii ikiona tairi za nyuma zinazunguka tofauti na za mbele inafanya kazi hata kwenye lami kavu mpaka inachoka.

Niliyoyatengeneza kwa miaka hii ni shafti ya stelingi iliyokuwa inagonga nikikata kona, shokapu za mbele, bawaba za mlango wa nyuma. Ule mlango unabeba tairi la spea, mzito, ukizeeka unaning'inia, unyanyue kwa mkono siku ya kununua usikie kama unacheza. Ila mimi naupenda, bawaba ziko kulia kwahiyo ukipaki kushoto mwa barabara unapakia mzigo ukiwa pembeni, sio katikati ya magari. Magunia ya viazi ya mama yanaingia hapo mawili ukilaza siti. Na mama anapanda mwenyewe, anafungua mlango, anakaa, anafunga.

Mtu akiniuliza nitahamia ipi baadae, hapo kuna pengo. Kizazi cha nne, cha 2013, Toyota hawakukiuza Japani, kwahiyo kwenye meli zinazotoka kule hukipati, zilizopo zimetokea nchi nyingine. Japani waliendelea kuuza ile ya tatu mpaka 2016, afu RAV4 ikarudi 2019 na kizazi cha tano, ikachukua tuzo ya gari ya mwaka ya Japani, kuna na ya haibridi, inayotumia petroli na umeme, ila bei yake kwa sasa siigusi. Ndo maana unaona watu wengi wamekimbilia Vanguard, ambayo kimsingi ni ile ile RAV4 ya tatu iliyorefushwa, tairi la spea likatolewa mlangoni, nyingine zina siti saba.

Mdogo wangu wa kike naye anatafuta sasa hivi. Mwezi uliopita alipata Vanguard ya 2009, tukaenda jioni, nikagusa boneti ni ya moto, dalali akasema wametoka kuiosha. Nikamwambia tutarudi kesho saa moja asubuhi, msiiwashe. Usiku dalali akapiga kwamba kuna mteja anakuja na keshi, mdogo wangu akaanza kulia kwenye simu, kaka itaondoka. Nikamwambia kama itaondoka iondoke. Asubuhi tulifika gari ipo, boneti baridi, ikawashwa, ikatoa moshi wa bluu, yani oili inaungua, mpaka yule mlinzi wa yadi akasogea. Tukarudi zetu nyumbani kunywa chai.

Jumamosi hii tuna miadi na nyingine huko Goba, RAV4 ya 2010. Yeye anakaa Tabata na anafanya kazi Posta, foo wili haihitaji. Kanitumia picha ya kibati, ACA36W, kaiomba mwenyewe kwa muuzaji kabla hata hajauliza bei.